Kwa Nini Mdogo Wako Hamalizi Kazi?

Somo letu la toleo hili linahusu jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi karibu kila jioni: kazi za nyumbani. Tutamzungumzia hasa yule mtoto mmoja katika familia ambaye kila mtu amemchoka.

Bila shaka unamfahamu. Ana miaka minane au tisa. Mama anamwambia, "Nenda dukani ukanunue chumvi, ukirudi pitia kwa bibi uchukue ungo, halafu ufungie kuku kabla giza halijaingia." Anaitikia, "Ndiyo mama," na hapo hapo anatoka mbio. Saa nzima inapita. Unapomfuata unamkuta amechuchumaa kwa fundi baiskeli, anaangalia pancha ikizibwa, na ile hela imekunjwakunjwa kiganjani, kama bado ipo. Chumvi hakuna, ungo hakuna, na usiku ule kicheche anaondoka na tetea.

Basi anachapwa. Kesho yake ni yale yale. Majirani nao hawakosi la kusema: mkaidi huyo, kalogwa, bibi yake kamdekeza. Wengine wanamgeukia mama na methali, eti asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Na wewe uliyeko sekondari, kaka au dada mkubwa, ndiye unayeachiwa umsimamie, kwa sababu wazazi wako shambani tangu alfajiri, hasa msimu wa kupalilia mtama na ule wa kuvuna alizeti. Ndiyo maana tumekuandikia wewe kabla ya kuwaandikia wazazi.

Ni hali gani hii?

Baadhi ya watoto wa namna hii, nasema baadhi, wana hali ambayo madaktari wanaiita kwa herufi ADHD. Kwa Kiswahili chetu tunaweza kusema ni upungufu wa umakini pamoja na utukutu uliopita kiasi. Ni hali ya ubongo ambayo mtoto anakua nayo tangu akiwa mdogo. Haiambukizi, si wazimu, na haina maana kwamba mtoto ni mjinga. Wapo wenye ADHD wanaoongoza darasa zima kwenye somo wanalolipenda.

Dalili zake ziko za aina mbili. Kuna za kukosa umakini: anasahau alichotumwa, anapoteza vitu (kalamu tano kwa muhula!), anaanza kazi hamalizi, unamwita mara tatu kana kwamba hasikii. Na kuna za kutotulia: hakai kitini, anapanda kila kinachopandika, anadakia maneno ya wengine, hawezi kusubiri zamu yake bombani. Mtoto mwingine ana za kundi moja tu, mwingine anazo zote.

Sasa utaniuliza, mtoto gani hana hayo? Ni kweli, kila mtoto husahau na kila mtoto hucheza. Kwa hiyo wataalamu wameweka masharti. Dalili ziwe nyingi, ziwe zimedumu angalau miezi 6, ziwe zimeanza kabla hajatimiza miaka 12, zionekane mahali zaidi ya pamoja, yaani nyumbani na shuleni pia, na ziwe zinamharibia maisha yake kweli. Mtoto anayetulia vizuri kwa mwalimu lakini nyumbani hashikiki, huyo mtafutie sababu nyingine kwanza.

Duniani inakadiriwa kwamba watoto wapatao 5 katika kila 100 wana hali hii. Darasa la watoto 60, hesabu watatu. Wavulana hugunduliwa zaidi kuliko wasichana, na sababu yake mojawapo tutaiona mbele.

"Huo ni ugonjwa wa Wazungu"

Tunapotembelea shule hoja hii haikosi, na kwa kawaida inatoka viti vya nyuma. Ni kweli jina limetoka huko. Daktari wa watoto George Still alieleza habari za watoto wa namna hii katika mihadhara yake mjini London mwaka 1902, na jina la ADHD lenyewe lilianza kutumika rasmi Marekani mwaka 1987. Lakini jina ni kitu kimoja na watoto ni kitu kingine. Watafiti walipowachunguza watoto wa shule za msingi mjini Kinshasa, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 yalionyesha kuwa karibu 6 katika kila 100 walikuwa na dalili hizo. Kinshasa na Singida ni mbali, lakini Kinshasa na London ni mbali zaidi.

Mara nyingi hali hii hurithiwa, kwa hiyo usishangae baba akisema, "Hata mimi nilikuwa hivyo hivyo." Huonekana zaidi pia kwa watoto waliozaliwa kabla ya wakati au na uzito mdogo sana. Na kwetu kuna jambo la ziada: matatizo ya umakini yanaweza kufuata ugonjwa uliougusa ubongo. Watafiti katika Hospitali ya Mulago, Kampala, waliwafuatilia watoto wa miaka 5 hadi 12 waliopona malaria iliyopanda kichwani. Kwa matokeo waliyochapisha mwaka 2007, miezi sita baada ya kupona, mtoto mmoja kati ya watano hivi alikuwa na upungufu katika uwezo wa akili, umakini ukiwemo. Na hapa hapa Tanzania, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, utafiti wa watoto wenye kifafa ulikuta matatizo ya tabia kwa takriban theluthi mbili yao, na umakini ulikuwa miongoni mwa mambo yaliyowasumbua sana. Kwa hiyo chandarua unachomchomekea mdogo wako usiku kinalinda na umakini wake pia.

Chai yenye sukari nyingi haisababishi ADHD. Hilo limepimwa mara nyingi, ingawa meno yake yangeshukuru akipunguziwa. Malezi mabovu nayo hayaleti hali hii, ila yanaweza kuizidisha. Na habari ya kulogwa tuwaachie wauza zindiko, maana ndio wanaofaidika nayo.

Ubao mdogo

Hebu fikiria ubao wa darasani kwenu. Mwalimu anaandika mistari kumi nanyi mnanakili polepole. Sasa fikiria ubao mdogo kama mfuniko wa sufuria, na kila upepo wa Singida ukivuma unafuta nusu ya maandishi. Ubao wa akilini wa mtoto mwenye ADHD uko namna hiyo. Alipoitikia "Ndiyo mama" hakuwa anadanganya. Chumvi, ungo na kuku, vyote vilikuwa vimeandikwa. Pampu ya fundi baiskeli ikafuta.

Kazi ya kupanga mambo, kusubiri na kujizuia hufanywa zaidi na sehemu ya mbele ya ubongo, nyuma ya paji la uso. Mwaka 2007 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, waliochunguza picha za ubongo za mamia ya watoto, walitoa taarifa kwamba gamba la ubongo la wenye ADHD hupevuka kwa kuchelewa. Kiwango ambacho watoto wengine walikifikia wakiwa na miaka 7 na nusu hivi, wao walikifikia wakiwa na miaka 10 na nusu. Ndiyo kusema huyo mdogo wako wa miaka tisa, kwenye mambo ya kujipanga, anaweza kuwa kama mtoto wa miaka sita, ingawa miguu yake ni ya miaka tisa na ulimi wake ni wa kumi na mbili.

Hapo ndipo mnapotubana na swali: mbona chandimu anacheza tangu saa tisa mpaka jua linazama, wala hasahau bao hata moja? Mbona gari la waya alilitengeneza siku nzima bila kukumbushwa?

Swali zuri. Ubongo una kemikali iitwayo dopamini, ambayo pamoja na kazi zake nyingine hutusukuma tuanze jambo na tuliendeleze. Kwa mwenye ADHD mpango huo unafanya kazi tofauti kidogo. Kitu kipya, chenye mwendo, chenye jibu la papo kwa papo, kinamshika chenyewe. Mpira ukiupiga unaona hapo hapo ulikokwenda. Lakini masufuria yenye ukoko, ambayo kesho yatachafuka tena, yana nini cha kumvuta? Wewe unasukumwa na wazo la kwamba mama akirudi atafurahi. Kwake yeye mama kurudi ni mbali, ni kama mwaka ujao. Mwulize sufuria linaoshwaje, atakueleza kwa ufasaha, mchanga na majivu na yote. Anajua kabisa. Daraja limekatika kati ya kujua na kufanya.

Tukishalielewa hili tunajua pa kuanzia. Kumfundisha upya kitu anachokijua hakutasaidia, na kumtisha kutasaidia kwa dakika kumi. Inabidi ule ubao utolewe nje ya kichwa chake, uwekwe mahali unapoonekana, na kile kinachomsukuma kisogezwe karibu.

Jinsi unavyomtuma

Wengi wetu hutuma kwa kupiga kelele kutoka jikoni. Kwa mtoto huyu ni sawa na kuongea na mbuzi. Mfuate alipo. Mwite jina, mguse bega, subiri akutazame. Mpe agizo moja, fupi, lenye kitendo: "Chukua ndoo ya kijani." Usiseme, "Hebu jiandae basi na mambo ya maji." Mwambie arudie alichosikia. Akimaliza hilo ndipo umpe la pili. Utasema inachosha, na kweli inachosha wiki mbili za kwanza. Lakini piga hesabu ya muda unaoupoteza sasa hivi ukimtafuta mtaani.

Tena usimtume kwa swali. "Unaweza kunisaidia kufagia?" ni swali analoweza kulijibu "hapana" kwa ukweli kabisa.

Kazi kubwa ikatwe vipande. "Fagia uwanja" machoni pake ni uwanja wa ndege. Chukua kijiti, chora mstari kutoka mlangoni hadi kwenye mwarobaini, mwambie afagie hapo tu kisha akuite. Akimaliza, chora mwingine. Vyombo hali kadhalika: vikombe kwanza, anakuja kukuonyesha, halafu sahani. Masufuria yaosheni pamoja. Mtoto ambaye hajawahi kumaliza kitu ataonja kumaliza mara tatu katika kazi moja.

Halafu kaa karibu. Watoto wengi wa namna hii wakiachwa peke yao kazi inalala, lakini akiwepo mtu anayefanya shughuli yake kando, wanaendelea. Wala huna haja ya kusema lolote. Wewe chambua mchele, yeye aoshe vikombe. Kwetu vijijini jambo hili tunalo tayari, maana mtama na alizeti tunapura kwa pamoja, tena kwa nyimbo. Mpangie kazi za kundi, zile za upweke wapangie wengine.

Ratiba bila saa ya ukutani

Katika vitabu vya nchi tajiri utasoma habari za chati za rangi zinazobandikwa kwenye friji. Nyumba nyingi za kwetu hazina friji, na mtoto wa darasa la pili ambaye kusoma bado kunampiga chenga hatasaidiwa na orodha ya maneno hata ingekuwa na rangi saba. Lakini ukuta upo na mkaa upo. Chora picha nne kwenye ukuta wa tembe, kwa urefu wa macho yake: uso unaonawishwa, dumu, ufagio, daftari. Hizo ndizo shughuli zake za asubuhi, kwa mpangilio ule ule kila siku. Kama nyumba imepakwa rangi na baba hataki kusikia habari za mkaa, tumia kipande cha boksi.

Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni ya makopo mawili. Weka kokoto nne kwenye kopo la kushoto. Kila akimaliza kazi anahamisha moja kwenda kopo la kulia, yeye mwenyewe, kwa mkono wake, ilie "ko!" Usidharau sauti ile, ni jibu la papo kwa papo kama lile la mpira. Kokoto zikiisha kushoto anapata kitu: anachagua mchezo wa jioni, au anapanda punda kwenda kisimani, au anahadithiwa hadithi ya sungura na fisi. Hela usitumie, kwanza huna. Na zawadi ije siku ile ile. Kumwambia mtoto huyu, "Ukifanya vizuri mpaka Krismasi utanunuliwa viatu," ni sawa na kutomwambia kitu.

Saa na dakika humpita tu. Basi funga kazi kwenye mambo ambayo yapo siku zote: jogoo anapowika, mbuzi wanapotoka zizini, adhana ya alasiri, taarifa ya habari redioni. "Ukisikia adhana, punda anakwenda kisimani." Agizo kama hilo halimtegemei yeye kukumbuka, maana adhana inamkumbusha. Vitu navyo vikumbushe. Dumu lake liwekwe mlangoni usiku ili asubuhi alikwae. Na kuwe na msumari mmoja tu ukutani ambapo shati la shule na mfuko wa madaftari vinatundikwa jioni, kabla ya kula. Ugomvi mwingi wa asubuhi, ukiuchunguza, ni wa soksi moja.

Chagua pia kazi zinazomfaa. Kuchota maji kwa dumu dogo analoliweza, kufukuza kuku waingie bandani, kupeleka jembe kwa fundi, hizo zina mwendo. Kuchambua maharage saa nzima amekaa mkekani ni adhabu kwake. Mpe kikombe kimoja.

Akifanya, sema. Sema hapo hapo na utaje alichofanya: "Umefunga mlango wa banda bila kukumbushwa." Sisi wakubwa tuna uchoyo wa sifa, tunaogopa mtoto atavimba kichwa. Huyu amesikia "Wewe!" mara thelathini tangu asubuhi. Sifa tatu hazitamvimbisha.

Kazi za hatari

Watoto wenye ADHD huumia kwa ajali zaidi ya wenzao, na hili si la kulifanyia mchezo. Asiachwe peke yake na moto wa mafiga, koroboi, panga, sufuria la uji linalochemka, wala mtoto mchanga. Kisima kilicho wazi aende na mwenzake. Kuvusha mifugo kwenye barabara kuu inayotoka Dodoma kupitia Singida kuelekea Nzega na Mwanza asipewe kabisa. Dereva wa lori hawezi kujua kwamba mtoto aliyekwisha vuka atakumbuka fimbo yake upande wa pili.

Uchungaji ndio mgumu kuliko zote. Kuna mbuzi ishirini, jua kali, hakuna wa kuongea naye, mara anamwona kenge, anamfuata. Mbuzi wanaingia kwenye vitunguu vya jirani. Jioni baba anadaiwa fidia, na mtoto anapigwa kipigo ambacho kijiji kizima kinakisikia. Aende na mwenzake, na wakubaliane mahali pa kuhesabu: wanapotoka zizini, wanapofika malishoni, jua likiwa utosini, na kabla ya kurudi. Kuhesabu kuwe kazi yake yeye. Kunampa la kufanya.

Msichana anayeota mchana

Tulisema wavulana hugunduliwa zaidi. Sababu mojawapo ni kwamba mvulana mwenye ADHD mara nyingi anavunja vitu, na anayevunja huonekana. Wasichana wengi wana ile aina ya ukimya. Amekaa jikoni ametulia, mwiko mkononi, macho yako mbali, na mboga inaungua. Hapandi miti wala hapigani. Mwalimu anamwandikia "mzembe" kwenye ripoti, basi yamekwisha.

Ila nyumbani hayajaisha. Msichana wa kwetu hupewa kazi nyingi zaidi ya kaka zake, na zinapishana: moto, maji, mtoto mgongoni, ugali, tena zote kwa wakati mmoja. Kazi za namna hiyo ndizo hasa zinazomshinda mwenye ubao mdogo. Kwa hiyo anakosea mara nyingi zaidi, na kila akikosea anaambiwa, "Utaolewa na nani wewe?" Akifika miaka kumi na mitatu ameshaamini kuwa hafai. Anaanza kuficha makosa, kudanganya, kukwepa jikoni, na anayemwambia maneno matamu njiani anasikilizwa haraka. Hapo ndipo masomo mengi yanapokatikia.

Kama unaye mdogo wako wa namna hii, jambo moja litamsaidia kuliko mengine: ashike kazi moja mpaka iishe. Anapopika, mtoto abebwe na mwingine. Hata na wewe kaka, mgongo unao.

Vipi kuhusu fimbo?

"Samaki mkunje angali mbichi," utaambiwa. Sawa, lakini aliyekunja samaki hakumpiga, alimkunja taratibu. Fimbo inamfundisha mtoto huyu kumwogopa mpigaji, haiongezi ukubwa wa ubao. Ndiyo maana anachapwa Jumatatu kwa kosa lile lile la Jumapili, na anashangaa kweli kweli. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inakataza adhabu za kikatili, na inasema adhabu isiyolingana na umri wa mtoto na hali yake ya mwili na akili haikubaliki. Na wewe wa kidato cha pili huna ruhusa ya kumchapa mtu kabisa.

Haina maana aachwe afanye atakavyo. Kosa liwe na matokeo, ila yawe madogo, ya hapo hapo na yanayohusiana na kosa. Amemwaga maji kwa kucheza, anarudi kuchota nusu dumu, wewe unamsindikiza. Amesahau kuku, kesho kufungia kuku ndiyo kokoto yake ya kwanza. Ukiwa umekasirika sana, zunguka nyumba mara moja kwanza.

Wadogo wengine watalalamika: mbona yeye anasifiwa kwa kufunga mlango tu? Waeleze kwamba mwenye miguu mifupi hupewa ngazi. Halafu nao wape kokoto, tatizo litakwisha.

Wakati wa kwenda hospitali

Usimbandike mtu jina la ADHD kwa kusoma ukurasa huu. Mambo mengi hufanana nayo. Sikio linalotoa usaha linamfanya mtoto asisikie anapotumwa. Macho mabovu, upungufu wa damu, minyoo, njaa, usingizi mdogo, msiba, au kutendewa vibaya na mtu anayemwogopa kumtaja, vyote huondoa umakini. Na kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtu: mtoto anakatika ghafla katikati ya neno, anakodoa macho sekunde chache, kisha anaendelea bila kujua kilichotokea. Ukiona hivyo andika ni mara ngapi kwa siku, na mzazi amwone mganga mapema, maana kifafa hicho kina dawa.

Anza zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kama itahitajika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Singida. Wanaweza kuwapeleka mbele zaidi, pengine Mirembe kule Dodoma. Najua jina hilo watu hulitumia kutukania. Lakini Mirembe ni Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili, na mtoto aliyepelekwa kuchunguzwa umakini hajawa kichaa kwa kupita getini.

Dawa za ADHD zipo, kama ile iitwayo methilifenideti, na huwasaidia watoto wengi. Lakini ni dawa za kuandikiwa na kufuatiliwa na mtaalamu, kamwe si za kununua dukani. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa vituo vya kawaida unatanguliza kuwasaidia wazazi na walimu wajue namna ya kuishi na mtoto, na hauruhusu dawa hiyo kwa walio chini ya miaka 6. Kwa maneno mengine kokoto, picha za mkaa na agizo moja moja ni sehemu ya tiba yenyewe.

Pengine umesoma mpaka hapa ukijiona wewe mwenyewe. Inawezekana, kwa wengi hali hii inaendelea hadi ukubwani, ingawa ule utukutu wa miguu hupungua. Makopo mawili yanafanya kazi kwa kidato cha tatu pia, hata kwa kusoma Kemia, dakika ishirini kwa kokoto moja. Zungumza na mwalimu wa malezi na unasihi.

Zoezi

Chagua mtoto mmoja nyumbani anayeshindwa kumaliza kazi. Kwa siku saba usibadilishe chochote. Andika tu kwenye daftari, kila jioni, alitumwa mara ngapi na alimaliza mara ngapi. Andika na mara ulizompigia kelele, kwa ukweli. Wiki ya pili badilisha jambo moja tu, kwa mfano agizo moja moja. Wiki ya tatu ongeza makopo. Wiki ya nne linganisha tarakimu zako na za wenzako watatu darasani, mkiangalia ni kipi kiliongeza kazi zilizomalizwa na ni kipi kilipunguza kelele. Daftari hilo lihifadhi. Mkifika zahanati, mganga atauliza hayo hayo.